Uliza Mwalimu wa Hesabu: Bustani ya Darasa la Tano, waya wa ploti na ekari ya hatua 70

Mwezi huu barua zilizonifikia hapa Tanga zimekuwa na fundo moja. Mmoja anazungusha waya, mwingine lesi, wa tatu anazunguka shamba, na mtoto wa wa nne amezungushwa na swali la daftarini. Wote wanatafuta mzingo, yaani urefu wa kuzunguka ukingo wa kitu, na wote wamenaswa palepale: vipimo vya aina mbili vimewekwa kwenye chungu kimoja. Nimefundisha hesabu miaka 31, kwanza Muheza kisha Tanga mjini, na hakuna kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko hilo. Kwa hiyo leo sitakimbia.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko Darasa la Tano. Alipewa swali: bustani ya mstatili ina urefu wa mita 12 na upana wa sentimita 850, tafuta mzingo wake. Ameandika 1,724 na amewekewa kosa. Nimepitia kujumlisha kwake tarakimu kwa tarakimu, sioni alipokosea. Mimi niliishia la saba na ni zamani. Nimsaidieje?*
Mama, Singida

Marahaba, mama. Kujumlisha kwake ni sahihi kabisa. 12 na 850 ni 862, mara mbili ni 1,724. Usimfokee, maana mtoto anayejumlisha vizuri hivyo ana msingi. Jioni mkae, umwulize swali moja tu: 1,724 nini?

Akisema mita, mwambie afikirie kuizunguka hiyo bustani kwa miguu. Mita 1,724 ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Bustani gani ya mboga mtu anaizunguka kwa kilomita moja na nusu? Akibadili na kusema sentimita, basi hiyo ni mita 17 na kidogo. Sasa mwonyeshe kwamba pande mbili ndefu peke yake zina mita 12 na mita 12, tayari ni 24, na bado hajagusa upana. Kwa hiyo 1,724 haiwezi kuwa mita na haiwezi kuwa sentimita. Mtoto akiliona hilo mwenyewe, hatalisahau. Ukimwambia tu "umekosa, badilisha kwanza", kesho atakosa tena.

Mpe na mfano wa pesa. Ana noti tatu za elfu kumi na sarafu tano za mia mbili. Je, anaweza kwenda dukani akasema "nina nane"? Muuzaji atamwuliza, nane nini? Ni lazima ageuze vyote viwe shilingi: 30,000 na 1,000, jumla 31,000. Bustani nayo hivyohivyo. Sentimita 100 ni mita 1, kwa hiyo sentimita 850 ni mita 8.5. Urefu 12, upana 8.5, jumla 20.5. Mara mbili: mita 41. Kisha afanye kwa njia ya pili, kwa sentimita: 1,200 na 850 ni 2,050, mara mbili ni 4,100. Sentimita 4,100 ni mita zilezile 41. Mwache afanye njia zote mbili hata kama swali halijadai, maana majibu yakikutana atajua amepatia kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu.

Kuna jambo jingine ninalolishuku, ingawa hukuliandika. Watoto wengi wakiambiwa wageuze mita kuwa sentimita hugawanya. Wanasema sentimita ni ndogo, kwa hiyo namba nayo lazima ipungue. Inaonekana kama ina mantiki, ndiyo maana inang'ang'ania. Dawa yake niliipata jikoni kwangu, si kwenye kitabu. Chukua jagi la maji. Mimina kwa kikombe, ahesabu: labda vikombe vinne. Lijaze tena, amimine kwa kijiko cha chai. Atachoka kuhesabu. Maji ni yaleyale, lakini chombo kikiwa kidogo hesabu inakuwa kubwa. Baada ya hapo ile ngazi ya kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita haimbwi kama kasuku tena. Kila daraja unaloshuka unazidisha kwa 10 kwa sababu kijiko kimekuwa kidogo zaidi. Kila unalopanda unagawanya kwa 10. Kutoka mita hadi sentimita ni madaraja mawili, basi ni mara 100.

Na mama, angalia daftari lake kama anafupisha. Urefu unaanza na U na upana unaanza na U. Nimeona watoto wakiandika "2(U + U)", kisha hawajui U ipi ni ipi, wanachukua namba moja mara mbili. Aandike maneno yote mawili kwa ukamilifu mpaka atakapozoea. Na neno mzingo asilikariri hewani: ni ndugu wa kuzingira. Aweke kidole kwenye kona ya meza, akipitishe ukingoni mpaka kirudi kilipoanzia. Njia iliyopitwa na kidole ndiyo mzingo. Kitambaa kinachofunika meza yote ni eneo, na hilo ni somo jingine.

*Hujambo Mwalimu. Nimenunua ploti ya 50 kwa 100 huku Kilifi, nataka kuizungushia wavu wa waya kabla sijaanza kujenga. Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi alisema mzunguko ni mita 300, na roli moja ya waya ni mita 18, kwa hiyo ninunue roli 17. Fundi wangu anasema roli 5 zinatosha, na nguzo 34, moja kila futi 10. Geti litakuwa la futi 12. Roli 17 na roli 5 ni tofauti kubwa mno. Nimsikie nani?*
Msomaji, Kilifi

Sijambo, ndugu yangu. Kwa waya, msikie fundi. Kwa nguzo, mrudishe kidogo.

Hiyo 50 kwa 100 ni futi. Ndivyo ploti zinavyotajwa kwenu, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayelitamka neno futi. Namba inabaki bila jina, halafu mtu mwingine anaibandika jina lake. Muuzaji alijumlisha vizuri: 50 na 100 ni 150, mara mbili 300. Lakini ni futi 300. Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo futi 300 ni mita 91.44. Ungemsikiliza ungebeba roli 12 za ziada, na pesa yake sijui ungeirudishaje.

Sasa toa geti, maana pale hapapiti waya. Futi 300 ukitoa 12 zinabaki 288, nazo ni mita 87.78. Roli 5 za mita 18 ni mita 90. Zinabaki mita mbili na sentimita 22 za kuunganishia na kukunjia kwenye nguzo. Si nyingi, ila zinatosha kama fundi ni makini. Kabla hujalipa fungua lebo ya roli uone kama kweli ni mita 18. Zikiwa fupi, hata kwa mita moja kila roli, utapungukiwa.

Nguzo ndizo zilizonifurahisha, kwa sababu kosa la fundi wako ni la watu werevu. Alichukua upande wa futi 50, akaugawa kwa 10, akapata nafasi 5, na nafasi 5 zinahitaji nguzo 6. Upande wa futi 100 una nafasi 10, nguzo 11. Halafu akajumlisha 6 na 11 na 6 na 11: 34. Lakini nguzo ya kona ni ya pande mbili. Alipoihesabu mwishoni mwa upande mmoja akaihesabu tena mwanzoni mwa upande unaofuata. Kona ni nne, kwa hiyo amezidisha nguzo nne. Jibu ni 30. Uzio unaorudi ulipoanzia una nguzo sawasawa na nafasi zake, na nafasi hapo ni futi 300 kugawa kwa 10. Geti halibadilishi hesabu kama utaliweka katikati ya upande wa mbele: futi 50 ukitoa 12 ni 38, yaani futi 19 kila upande wa geti, na futi 19 zinagawika nafasi mbili za futi 9 na nusu. Mbele utabaki na nguzo 6, isipokuwa mbili zilizoshika geti ziwe nene na zizikwe chini zaidi.

Kabla ya kuchimba hata shimo moja, pima ulalo. Funga kamba kutoka kona hadi kona ya pili iliyo mkabala, kisha zile kona nyingine mbili. Kwenye mstatili wa kweli wa futi 50 kwa 100, kila ulalo ni futi 111 na inchi karibu 10. Zikitofautiana, ploti imepinda: pande zinaweza kuwa 50 na 100 kamili na bado umbo likawa limelala kama boksi lililokaliwa. Mzingo hautakuonyesha hilo, maana unabaki 300 uleule, ila jirani yako siku moja atakuja na karatasi yake.

Na kwa kuwa umetaja futi, nikuambie lililonipata mimi mwenye kufundisha. Nilipojenga nyumba yangu, nilimpa fundi wa kuchomelea kipimo cha upana wa dirisha: futi 4 na inchi 6. Niliandika kwenye kipande cha boksi hivi: 4.6. Nilikuwa na haraka. Yeye akaingiza 4.6 kwenye simu yake, akazidisha kwa 30.48, akapata sentimita 140.2, akakata nondo. Dirisha lenyewe lilikuwa sentimita 137.16, kwa sababu futi ina inchi 12, na inchi 6 ni nusu ya futi. Ni futi nne na nusu, 4.5, wala si 4.6. Grili ikaja imepakwa rangi inang'aa, ikakataa kuingia kwa sentimita tatu. Madirisha yalikuwa manne. Lile boksi nililihifadhi, na miaka yote iliyofuata nililipeleka darasani siku ya somo la vipimo vya urefu nikawauliza wanafunzi kosa liko wapi. Nukta baada ya futi imewagharimu watu wengi. Andika "futi 4 inchi 6" kwa maneno, au geuza yote yawe inchi: 54.

*Assalaam aleykum Mwalimu. Mimi mshonaji, niko Unguja. Nashona vitambaa vya meza vya mita 2 kwa mita moja na nusu, na pembeni nazungusha lesi. Lesi nauziwa kwa yadi, futi kamba yangu ni ya sentimita, na bibi yangu anayenisaidia hupima kwa mkono. Mara lesi inapungua, mara inabaki. Ninunue yadi ngapi kwa kitambaa kimoja? Na mkono wa bibi ni kipimo kweli?*
Mshonaji, Unguja

Waaleykum salaam, binti yangu. Mita 2 na mita 1.5 ni 3.5, mara mbili ni mita 7. Yadi moja ni sentimita 91.44 kamili. Mita 7 ugawe kwa 0.9144, unapata yadi 7.66 hivi. Nunua 8.

Usinunue saba na nusu kwa kubana, kwani lesi haipiti kona kama kamba. Kwenye kila pembe lazima uikunje au uipe mikunjo, la sivyo inavuta kitambaa na kona inanyanyuka. Yadi 8 ni mita 7 na sentimita 31. Ukiacha sentimita 6 kila pembe, zinaondoka 24, zinabaki kama 7 za kuunganisha mwanzo na mwisho. Nadhani ulipopungukiwa ni siku ulizohesabu mzingo mtupu ukasahau pembe.

Mkono wa bibi ni kipimo kweli, tena cha heshima. Wazee wetu wa pwani walikuwa na mpango kamili: shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa kimetanuliwa, mkono au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mikono miwili ikawa wari, mikono minne ikawa pima, mtu akinyoosha mikono yote miwili kushoto na kulia. Mahesabu yao yanaingiana vizuri. Tatizo ni moja, kwamba kila mtu amezaliwa na mkono wake. Hata yadi yenyewe haikuwa sawa kabisa kwa Waingereza na Wamarekani mpaka makubaliano ya mwaka 1959, wao pamoja na Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini walipoifunga kwenye mita 0.9144. Hapo ndipo na inchi ikawa sentimita 2.54 bila chenji.

Kwa hiyo mpime bibi mkono wake mara moja tu, kwa futi kamba, umwandike ukutani. Tuseme ni sentimita 44. Basi mita 7 ni mikono yake 16, ikizidi sentimita 4. Lakini yadi 8 za dukani zinahesabiwa nazo kuwa mikono 16, kila mmoja nusu yadi, sentimita 45.7. Mikono 16 ya bibi na mikono 16 ya duka zimepishana sentimita 27, karibu zile unazozihitaji kwa pembe zote nne. Sasa unajua kwa nini siku akipima yeye inapungua. Kwa kitambaa hiki bibi apime mikono 16 na shibiri moja na robo, shibiri yake ikiwa nusu ya mkono wake.

*Mwalimu, nimekodi shamba Kilosa. Mwenye shamba alilipima kwa hatua zake, 70 kwa 70, akasema ni heka moja. Mbegu niliyonunua ya heka moja imebaki nyingi. Nilipopima kwa utepe wa kuazima nilipata mita 52 na nusu kila upande. Jirani naye ana kipande cha hatua 100 kwa 40, anasema nacho ni heka kwa kuwa mzunguko wake ni hatua 280 kama wangu. Je, tumedhulumiwa?*
Mkulima, Kilosa

Ndugu mkulima, mbegu yako imesema kweli. Kipimo cha hatua 70 kwa 70 ni kizuri kama hatua ni ya yadi moja, sentimita 91. Yadi 70 ni mita 64. 64 mara 64 ni mita za mraba 4,096, na ekari ni kama 4,047, kwa hiyo zinakaribiana sana. Lakini mita zako 52.5 ukizigawa kwa 70, hatua ya mwenye shamba inatoka sentimita 75. Ni hatua ya kawaida ya mtu anayetembea, wala si lazima alikusudia kukupunja. Ila 52.5 mara 52.5 ni mita za mraba 2,756. Hiyo ni theluthi mbili ya ekari na kidogo tu juu yake. Umelipia karibu theluthi usiyoilima.

Jirani yako ana kosa la aina nyingine, na linauma zaidi kwa sababu halionekani. Mzunguko ni sawa kweli: 70 na 70 mara mbili ni 280, 100 na 40 mara mbili ni 280. Lakini 70 mara 70 ni 4,900, na 100 mara 40 ni 4,000. Chukua kamba ile ile ya kufungia mbuzi, fanya umbo la mraba lenye pande nne sawa, halafu livute liwe refu na jembamba: kamba haijapungua, majani ya ndani yamepungua. Shamba la hatua 110 kwa 30 nalo lina mzunguko wa 280, na ndani yake mna 3,300 tu. Anayekuuzia au kukukodishia shamba kwa mzunguko, mwombe pande zote mbili.

Na mkiandikishana, andikeni ekari. Huko mnasema heka, lakini kwenye karatasi mtu anaweza kusoma hekta, na hekta moja ni ekari karibu mbili na nusu.

Msimu ujao tafuta kamba ya katani, si ya nailoni kwa sababu ya nailoni ukiivuta inaongezeka. Ikate mita 16 kamili, uipime kwa utepe uleule wa kuazima. Kamba nne kwa upande mmoja ni mita 64, kamba nne kwa upande wa pili ni mita 64, kisha ukaguzi wa ulalo kama nilivyomwandikia wa Kilifi: hapa uwe mita 90 na nusu kila mmoja. Mwende watu watatu, mwenye shamba akiwa ndiye anayeshika ncha ya mbele na wewe ya nyuma, wa tatu akichomeka kijiti kila kamba inapoishia. Vijiti vinne kila upande, kumi na sita kwa shamba zima. Vihesabuni pamoja kabla ya kutoa pesa.